Wiki ya kuandaa matembezi mafupi katika Jangwa la Sonora

Jumatatu

Jangwa la Sonora limeuzunguka mji wa Tucson, jimbo la Arizona, pande zote, kiasi kwamba mtu anaweza kuishi hapa miaka mingi akiliona kupitia kioo cha gari bila kulikanyaga. Shangazi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Dodoma, hakubali kurudi nyumbani kwa namna hiyo. Leo jioni, baada ya chakula, aliniambia kwa utaratibu wake: “Baba, hayo madungusi marefu nimeyaona ya kutosha barabarani. Sasa nipeleke nikayaone kwa miguu.” Shangazi ameshavuka miaka sitini na mitano, goti lake la kulia humsumbua akipanda ngazi nyingi, na atatembea na wajukuu wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa sita. Mahali pazuri hapa ni pengi. Kinachohitaji kutafutwa ni njia ambayo mtu mwenye hali yake ataimaliza akiwa bado anapiga soga.

Dungusi anazozitaja ni saguaro, na mahali pa kuziona kwa utulivu ni Hifadhi ya Taifa ya Saguaro. Eneo hilo lilianza kulindwa mwaka 1933, likaongezwa sehemu ya magharibi mwaka 1961, na likapewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 1994. Mgeni anapaswa kujua mapema kwamba hifadhi hii imegawanyika vipande viwili, kimoja mashariki na kingine magharibi, na mji mzima umekaa katikati. Anayeandika jina la hifadhi kwenye simu na kufuata mshale bila kuangalia ni upande upi anaweza kujikuta kwenye lango lisilo lake, na safari ya kuvuka mji kwenda upande wa pili itammalizia saa zote za baridi. Sisi tunakwenda magharibi, upande wa milima ya Tucson, ambako saguaro zimesongamana zaidi na njia fupi ziko nyingi.

Nilizilinganisha njia tatu. Ya kwanza, Desert Discovery, ni mzunguko wa nusu maili, yaani kama mita 800, nao umesakafiwa, hivyo hata kiti cha magurudumu hupita. Ya pili, Valley View Overlook, ni maili 0.8 kwenda na kurudi, takriban kilomita 1.3, huvuka makorongo mawili ya mchanga, kisha hupanda taratibu hadi kwenye mgongo wa kilima unaotazama bonde la Avra. Ya tatu, Signal Hill, ni fupi kuliko zote, lakini ina ngazi za mawe. Nimeichagua ya pili iwe safari yenyewe, ya tatu iwe nyongeza kwa watakaobakiwa na nguvu, na ya kwanza iwe akiba iwapo goti litaamka vibaya siku hiyo. Jirani yangu, ambaye ni mpandaji milima, alicheka aliposikia kilomita moja na ushei. Sikubishana naye, kwa kuwa yeye hupima matembezi kwa umbali, nami katika mwezi huu wa Mei nayapima kwa saa.

Hesabu yangu ni hii. Katikati ya Mei jua huchomoza Tucson karibu saa kumi na moja na nusu alfajiri, na upande wa magharibi wa hifadhi hufunguliwa kwa magari jua linapochomoza. Wakati huo hewa huwa ya nyuzi kumi na kitu za selisiasi, na mtu anaweza hata kutaka sweta. Kufikia mchana joto huwa limevuka nyuzi 34, na ardhi ya mawe hulirudisha kutoka chini, hivyo mtembezi huchomwa juu na chini kwa pamoja. Njia ileile inayoitwa rahisi saa kumi na mbili asubuhi huwa ngumu saa tano, na saa nane mchana haifai kwa mtoto wala kwa mzee. Zaidi ya hayo, ua la saguaro hufunguka usiku na hufunga mchana unaofuata, likiwa limeishi chini ya siku moja. Anayechelewa hupata joto kamili na maua yaliyosinyaa. Nimeandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye jokofu: kuondoka nyumbani saa kumi na robo tatu, kuanza kutembea kabla ya saa kumi na mbili, kugeuka saa moja na robo popote tutakapokuwa tumefika, na kuwa ndani ya gari, milango imefungwa, kabla ya saa tatu.

Jumanne

Leo ilikuwa siku ya maji. Ushauri unaotolewa kwa watembezi wa majangwa ya Arizona ni kwamba mtu abebe angalau galoni moja kwa siku, karibu lita nne, na kwa kila saa ya kutembea kwenye joto ahesabu kama lita moja. Kwenye vichwa vya njia tulizozichagua, yaani pale zinapoanzia, hakuna bomba. Maji yapo kwenye kituo cha wageni, ambacho hufunguliwa jua likiwa limeshapanda, na kwa saa zetu hakitatufaa. Kwa watu watano nimepanga lita kumi mgongoni na lita nyingine kumi zibaki garini ndani ya sanduku la barafu. Najua hazitakwisha. Maji yanayobaki humwagiwa mimea nyumbani, ilhali yanayopungua njiani hayana pa kununuliwa.

Shangazi aliniuliza kwa nini mzigo wote huo kwa mwendo ambao Dodoma angeutembea kwenda sokoni na kurudi bila kufikiria. Swali lake lilikuwa la haki, kwa sababu Dodoma nayo ni nchi kavu. Hata hivyo, Tucson hupata mvua isiyofika milimita 300 kwa mwaka, kama nusu tu ya ile ya Dodoma, na mwezi wa Mei ni katika miezi ambayo hewa hukauka kupita kiasi. Jasho linalotoka hukauka papo hapo, nguo hazilowi, na mtu hudhani hatoki jasho kabisa. Anapokuja kusikia kiu, mwili umeshadai kwa muda. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba kila baada ya dakika kumi na tano nitasema “maji,” na kila mmoja atapiga mafunda kadhaa, apende asipende.

Jambo jingine lililonisumbua ni dawa zake za presha, kwa kuwa baadhi ya dawa za aina hiyo huongeza mkojo na kuupunguzia mwili maji. Nilimpigia simu mfamasia nikamsomea majina yaliyo kwenye vichupa, akanieleza ipi ni ya kundi hilo, na namna ya kumwangalia asije akashikwa na kizunguzungu anaposimama ghafla. Simu hiyo ilichukua muda mfupi, nami naihesabu kuwa kazi kubwa kuliko zote za leo. Mwenye kuandaa matembezi ya wazee na akaishia kwenye viatu na ramani, akayaacha makopo ya dawa juu ya kabati, amefanya nusu ya kazi.

Maji matupu nayo hayatoshi. Anayekunywa kwa wingi bila kula chochote chenye chumvi huweza kuishusha chumvi ya damu hadi akaumwa kichwa na kutapika, dalili ambazo hufanana na zile za joto lenyewe na kumpotosha anayemhudumia. Mke wangu amenunua karanga na korosho za chumvi. Shangazi, ambaye alikuja na kopo la unga wa ubuyu, ameamua kukoroga chupa mbili za maji ya ubuyu, sukari kiasi na chumvi kidogo, na watoto wameshaanza kuyagombania kabla ya siku yenyewe.

Jumatano

Mavazi yalikuwa na mjadala mfupi. Shangazi alitaka kuvaa makubadhi yake, nami nikamwonyesha picha ya dungusi aitwaye cholla. Hili ni jamii ya dungusi lenye vipande vilivyoungana kama shanga, na kipande hubanduka kwa kuguswa tu. Wenyeji husema linaruka, ingawa haliruki. Kila mwiba una vijino vidogo visivyoonekana kwa macho vilivyoelekea nyuma, hivyo huingia kwa wepesi na kutoka kwa shida. Alipoiangalia picha hiyo kwa makini aliyarudisha makubadhi chini ya kitanda na kukubali raba zenye soksi ndefu.

Katika mavazi mengine alinishinda, na kwa haki. Nilikuwa nimemwekea shati la michezo la kitambaa cha plastiki lililouzwa kwa bei ya kuumiza, akaniambia atavaa gauni lake la pamba la mikono mirefu na kujitanda kanga, kichwani aweke kofia ya ukindu yenye ukingo mpana. Ukifikiri vizuri, hayo ndiyo mavazi ya jangwani. Pamba nyepesi iliyolegea huruhusu hewa kupita, hufunika ngozi, na kanga ikiloweshwa na kuwekwa shingoni hupoza kuliko kofia yoyote ya dukani. Watoto watavaa suruali ndefu, mashati ya mikono mirefu na kofia, na wote tutajipaka mafuta ya kujikinga na jua, kwa maana ngozi nyeusi nayo huungua, hata kama wengi wetu tulikua tukiambiwa vinginevyo.

Jioni tulikwenda kwenye bustani ya mtaa yenye kilima kidogo, tukakipanda na kukishuka taratibu, Shangazi akiwa na fimbo yake. Nilitaka kujua goti linalalamika wapi, kwenye kupanda au kushuka. Lililalamika kwenye kushuka. Taarifa hiyo ina maana kwamba safari yake ngumu itakuwa ni ya kurudi, wakati jua limeshapanda, na hivyo saa ya kugeuka niliyoiandika Jumatatu nimeirudisha nyuma hadi saa moja kamili.

Alhamisi

Nimelipia kibali kwa mtandao: dola 25 kwa gari moja, na kinatumika siku saba. Nimekichapa na kukiweka kwenye kioo cha mbele. Nimepakua ramani kwenye simu, kwa sababu mtandao hupotea huko vilimani. Idara ya hali ya hewa inasema Jumamosi alfajiri itakuwa nyuzi 17 na mchana nyuzi 36, bila mawingu wala upepo mkali. Mvua si suala la mwezi huu. Zile za ghafla zinazojaza makorongo makavu kwa dakika chache huja kuanzia Julai, na wakati huo njia inayovuka korongo hupangwa kwa hesabu nyingine kabisa.

Ijumaa

Tumefunga mizigo. Kwenye begi langu kuna maji, chakula, taa ya mkononi, bendeji, filimbi, kitana kikubwa cha plastiki na kibanio cha kung’olea nyusi alichokitoa mke wangu. Kitana ni cha kuondolea cholla: unakiingiza kati ya kipande na ngozi, kisha unakirusha kipande hicho mbali, bila kukigusa kwa vidole. Nusu ya chupa zimelala kwenye friza, zikiwa zimejazwa nusu ili zisipasuke, na asubuhi zitaongezwa maji. Jirani yule yule mpandaji milima amepewa jina la njia, namba ya gari na saa tutakayorudi. Akiona kimya hadi saa tano, apige simu hifadhini.

Usiku nilikaa na watoto nikawaeleza kuhusu wanyama na wadudu. Nyoka wenye njuga mkiani wapo, na Arizona ina aina kumi na tatu za nyoka hao, lakini nyoka hana haja na mtu anayetembea katikati ya njia na kuangalia anapokanyaga. Mkono hautiwi chini ya jiwe wala ndani ya kichaka, na anayesikia njuga husimama, huangalia, kisha hurudi nyuma alikotoka. Kuhusu nyuki niliongea zaidi, na Shangazi akasogea kusikiliza. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazili, Warwick Kerr, aliagiza malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika ili azalishe nyuki wanaofaa nchi za joto. Mwaka uliofuata baadhi ya makundi yalitoroka, yakachanganyika na nyuki waliokuwepo, yakasambaa kaskazini mwaka hadi mwaka, na mwaka 1993 yakafika Arizona. Ndio walioko hifadhini sasa. Shangazi alitikisa kichwa, akasema: “Kumbe hao ni wa kwetu. Basi msiwachezee, nawajua.” Alichowaambia baadaye kuhusu mizinga ya Singida na Tabora kilifanya kazi niliyotaka kuifanya: hakuna mtoto atakayekaribia pango la nyuki kesho.

Jumamosi

Tuliondoka saa kumi na dakika hamsini, tukafuata barabara ya Speedway kuelekea magharibi hadi ilipogeuka kuwa njia nyembamba ya Gates Pass, yenye kona kali zinazopanda na kushuka katikati ya milima. Magari yalikuwa machache. Kutoka barabara ya Kinney tuliingia barabara ya vumbi ya mzunguko wa Bajada, ambayo imechongwa vizuri na hupitika kwa gari dogo likienda polepole. Mbele yetu kulikuwa na gari moja tu kwenye kichwa cha njia. Saa kumi na moja na dakika hamsini miguu ilikuwa mchangani.

Dakika za mwanzo tulikwenda kwa ukimya, kwa kuwa kila mtu alikuwa akiangalia juu. Saguaro iliyokomaa hufika mita kumi na mbili na kuendelea, shina lake nene lina mikunjo ya wima kuanzia chini hadi juu, nayo hutanuka na kujikunyata kama marinda ya sketi kulingana na maji yaliyomo ndani. Mvua ikinyesha, mizizi iliyotandazwa karibu na uso wa ardhi, mingi ikiwa na kina kisichozidi kiganja, huyanyonya maji kwa haraka, na shina hunenepa. Uzito wa dungusi mmoja mkubwa aliyeshiba maji huhesabiwa kwa tani. Kwa ajili ya mizizi hiyo iliyo juu juu, niliwasisitizia watoto wasitoke kwenye njia hata pale palipoonekana peupe na pagumu.

Shangazi alisimama kwenye saguaro ya tatu au ya nne na kuitazama kama mtu anayemkagua ng’ombe mnadani. Kwanza alidhani ni jamii ya mnyaa, ule wa kupandwa kwenye ua huko kwetu, wenye utomvu mweupe unaoweza kumpofusha mtu. Nilimwambia kwamba zinafanana kwa sababu ukame umezifundisha njia moja, lakini ukoo si mmoja: dungusi, karibu zote, asili yake ni mabara ya Amerika, na saguaro haina maziwa. Akaniuliza wanaifananishaje na mbuyu, kwa kuwa nao huweka maji shinani. Swali hilo lilinifurahisha. Mbuyu huangusha majani kiangazi ili usipoteze maji. Saguaro imeyaacha majani moja kwa moja, ikaachia ganda la kijani lifanye kazi yake na miiba itoe kivuli. Tulipofika kwenye mti mdogo wa mesquite uliokuwa umeegemewa na saguaro changa, aliutambua kabla sijasema. Ni ndugu wa ule mti ambao Wakenya huuita mathenge, uliopandwa Baringo kwa nia njema na kugeuka balaa kwa wafugaji. Hapa uko kwao, na kazi yake ni ya mlezi. Mbegu ya saguaro huota chini ya kivuli chake au cha mti mwingine wa hapa uitwao palo verde, hukingwa na jua na baridi kwa miaka mingi, na baadaye yule mtoto humpita mlezi wake kwa kimo.

Kijana wangu alitaka kujua ile changa ina umri gani. Ilikuwa haijafika gotini mwake. Saguaro hukua kwa kujivuta sana, na katika miaka yake minane ya mwanzo huweza kuwa na urefu wa sentimita chache tu; mkono wa kwanza kwa kawaida hautoki kabla ya miaka hamsini hadi sabini na mitano. Alihesabu mikono ya ile kubwa iliyokuwa karibu, akatangaza kwamba ilikuwepo kabla ya babu yake kuzaliwa. Nadhani hakukosea.

Kwenye korongo la pili tulilikuta lile tulilolitarajia. Saguaro moja ilikuwa na mkono ulioinama hadi usawa wa kifua, jambo linalotokea pale baridi kali inapoujeruhi mkono ukalegea na kushuka, na ncha yake ilikuwa na maua. Kwa kawaida maua huwa juu kabisa, ambako mtu huyaona kwa darubini. Haya yalikuwa mbele ya macho yetu: meupe, mazito kama yaliyofinyangwa kwa nta, yenye upana wa kiganja cha mtoto, na katikati yake chavua ya manjano imejaa hadi inamwagika. Nyuki wawili walikuwa wamezama humo, nasi tukasimama mbali kidogo. Popo hulitembelea usiku, na asubuhi huja njiwa wenye ubavu mweupe kwenye mbawa, ambao tulikuwa tukiwasikia tangu kwenye gari. Ua hili limekuwa ua rasmi la Arizona tangu mwaka 1931. Binti yangu aliuliza kama anaweza kulichuma moja, na Shangazi akamjibu kabla yangu kwamba ua linalokaa siku moja haliongezewi haraka.

Hapo hapo, wakati wote tumegeukia maua, kijana alirudi nyuma hatua mbili na kupiga kelele. Kipande cha cholla kilikuwa kimenasa ubavuni mwa raba yake, na mwiba mmoja umepita kwenye soksi hadi kwenye kifundo. Nilimwambia asisogee wala asiguse. Niliingiza meno ya kitana chini ya kipande kile, nikashika mguu wake kwa mkono wa kushoto, nikakibetua kwa mkupuo mmoja kikaruka hadi mchangani. Mwiba uliobaki niliutoa kwa kibanio, ukavuta ngozi kidogo juu kabla ya kuachia, na tone la damu likafuata. Yote hayakuchukua dakika mbili. Akanywa ubuyu, akauliza kama anaweza kukibeba kile kitana mwenyewe kuanzia sasa, nikampa.

Kupanda kulikobaki kulikuwa kwa polepole, Shangazi akisimama kila baada ya hatua thelathini au arobaini, nami nikisema “maji” kila muda ulipofika. Saa moja kamili hatukuwa tumefika mwisho wa njia. Tulikuwa mahali ambapo kilima kimeshafunguka, bonde la Avra liko wazi upande wa magharibi, na maelfu ya saguaro yamesimama kwenye mteremko, kila moja na kivuli chake kirefu kilichoelekea upande mmoja. Kijana aliomba dakika tano za kufika kwenye ncha. Nilimwonyesha saa, na kwa kuwa alikuwa ameisoma karatasi ya kwenye jokofu wiki nzima, alinung’unika kwa adabu na kugeuka. Dakika tano za kwenda zingekuwa kumi na tano kwa mwendo wa goti lile, na sikutaka Shangazi aketi juani peke yake akitusubiri. Kundi lenye mzee halitengani.

Kushuka kulimchosha kama tulivyotarajia, lakini kivuli cha mwinuko kilikuwa bado kimefunika sehemu kubwa ya njia, na alifika garini akiwa amemaliza hadithi aliyoianza juu. Kutoka hapo tuliendesha hadi Signal Hill. Chini ya kilima kuna vibanda vya mawe vilivyojengwa miaka ya 1930 na vijana waliopewa kazi na serikali wakati wa mdororo wa uchumi, na chini ya kimoja tuliweka chapati, machungwa na karanga. Mke wangu alikaa na Shangazi kivulini. Mimi na watoto tulipanda ngazi za mawe kuona michoro iliyochongwa kwenye miamba na watu wa kale waitwao Wahohokam, ambao waliishi na kulima katika mabonde haya karne nyingi zilizopita. Juu kabisa kuna duara la kuzunguka, kama konokono, lililochongwa kwenye jiwe jeusi. Hairuhusiwi kugusa, na hakuna aliyegusa.

Saa mbili na dakika arobaini tulikuwa garini. Kipimajoto cha gari kilisoma nyuzi 29, na magari yaliyokuwa yakiingia yalikuwa mengi kuliko yanayotoka. Katika lita kumi za mgongoni zilikuwa zimebaki chini ya tatu. Nilimtumia jirani ujumbe kwamba tumetoka salama.

Njiani Shangazi aliuliza maua yale yatazaa nini. Matunda huiva mwishoni mwa Juni, nayo yana nyama nyekundu na mbegu ndogo nyeusi, na Watohono O’odham, wenyeji wa nchi hii, huyaangua kwa miti mirefu iliyotengenezwa kwa mbavu za saguaro zilizokauka, wakapika asali yake na kuuanza nayo mwaka wao mpya. Anataka kuyaona kabla hajarudi Dodoma. Juni ni mwezi mwingine: mchana huzidi nyuzi 38 kwa kawaida, na hata alfajiri huwa na joto lake. Nimemwambia tutakwenda, ila safari hiyo itakuwa ya nusu saa kwenye ile njia iliyosakafiwa, kuanzia lango linapofunguliwa. Amekubali, kwa sharti kwamba zamu hiyo kitana abebe yeye.